Refa Hana Mtani

Msimbu, Kisarawe
26 Aprili 1982

Mtani Gregori,

Mpagazi wangu, hujambo? Mimi sijambo kidogo. Nasema kidogo kwa sababu mguu wa kushoto una alama ya jiwe la jana, na baiskeli ina matundu mawili ambayo sikuyatoboa mimi.

Bernard, katibu wetu wa marefa, alinipanga kuchezesha mechi ya kirafiki. Kirafiki, ndivyo alivyoandika kwa mkono wake. Mshika kibendera mmoja hakuja, wa pili alikuwa mjomba wa fowadi. Dakika ya thelathini fowadi akaotea, mjomba katulia na kibendera chake kama anapunga upepo. Nikapuliza. Wakanizunguka wanaume kumi na watano. Mmoja alikuwa na jembe begani, katoka shamba moja kwa moja, hajui hata nani anacheza na nani, lakini naye anataka kunipiga. Nikawasomea sheria. Wakaniambia sheria hiyo nikaisome kwetu Msimbu. Bao nikalikataa vilevile. Mechi ilipokwisha nilikaa ofisi ya kijiji mpaka watu wakachoka kunisubiri, kisha nikaisukuma baiskeli maili saba kwenye matope ya masika. Mipira ya baiskeli nitaipata wapi mwaka huu, wakati hata sabuni tunapanga foleni?

Tangu tulipomaliza ile kozi ya siku sita hapo Kibaha, mwaka wa sabini na tano, sijasikia mtu ananiambia ahsante. Nimechoka, mtani. Mpira haujanichosha, watu ndio wamenichosha. Mke wangu Mwamvita ananiambia, "Baba, wenzio Jumapili wanapumzika." Ningekwisha kumrudishia Bernard beji yake, ila nikifikiri kwamba nitakuwa na jambo la kukuandikia, napanda tena baiskeli.

Mama anakusalimu. Hajambo, ila kifua. Ameniambia nikuandikie hivi: asisumbuke mtu kutafuta mchimbaji, kaburi lake atachimba Mnyamwezi, kwani babu zako walipita hapa na mizigo kichwani, tukawapa mihogo wakala, na mpaka leo hawajatufanyia kazi ya maana. Nimeandika kama alivyosema.

Mtani wako,
Mwinshehe Mbaraka


Kibaha
5 Mei 1982

Yah: Jiwe la mguuni

Mtumwa wangu,

Barua yako imepokelewa masjala, imegongwa muhuri na kuwekwa kwenye faili lako, ambalo sasa ni nene kuliko la mkuu wangu wa kazi. Bi Sikudhani mpe shikamoo. Mwambie kaburi nitachimba, lakini nitalichimba fupi, maana Mzaramo hata akifa akisikia ngoma anaamka.

Sasa niache mzaha. Bernard amenipanga nusu fainali ya Kombe la Vijiji, Dutumi na Msimbu. Uwanja ni Kwala, Jumapili tarehe 23. Wewe huwezi kwa kuwa ni kijiji chako, na marefa wengine wote wamekataa. Mmoja ameugua wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Mke wangu Stellamaris anasema na mimi niugue.

Mawe nimeyazoea. Shida ni kwamba kila Idd nakula kwenu, na mama yako ananiita mpagazi wake mbele za watu. Dutumi wakilijua hilo, kila nitakachopuliza kitakuwa cha Msimbu. Na nikijitia kuwabana ninyi ili nionekane mwadilifu, nitakuwa nimewaonea. Unajua hali yangu. Nyumba hii ni ya kazi, siku nikistaafu natoka. Shamba nimeazimwa. Hapa Pwani kitu changu mwenyewe ni beji ile tu, niliyofanyia mtihani nikapata themanini na mbili, wewe ukapata themanini na moja. Siku watu wakisema Gregori ni refa wa kupangwa, sina kingine cha kushika.

Kwa hiyo nakuuliza, unijibu kweli: nikatae?

Kadi nyekundu ninayo, ile niliyoikata kwenye jalada la faili. Sijaitoa tangu mwaka juzi. Huwa naona nikiitoa nimeshindwa mimi.

Wako katika ujenzi wa taifa na magoti mabovu,
Gregori Didas


Msimbu
12 Mei 1982

Mtani,

Usikatae. Wakileta mwingine ataogopa, na refa mwoga ni hatari kuliko refa mbaya. Wewe chezesha unavyojua.

Huku watu hawalali. Tangu tulipohamishiwa pamoja hapa kijijini hatujafika nusu fainali yoyote. Lori limekwisha kuombwa, dizeli inatafutwa. Golikipa ni mdogo wangu Adamu, unamkumbuka, yule aliyekumwagia mchuzi Idd ya mwaka jana. Kila ninapopita naulizwa, "Wewe si refa? Utatusaidia nini?" Nawajibu refa hasaidii mtu. Wananitazama, kisha wanatazama pembeni. Miaka saba nimepigwa mawe katika vijiji vya watu, na kwangu pia naonekana sina faida.

Lakini hayo yangu. Njoo upulize kipenga, sisi tutacheza.

Mtani wako,
Mwinshehe


Kibaha
25 Mei 1982

Mtani,

Mmeshinda, hongereni. Shati langu la urefa limebaki mikono.

Nakuandikia leo kwa sababu kuna jambo. Wewe ulikuwa upande wa lori, mbali, huenda hukusikia. Nitakueleza lilivyokuwa.

Mnaongoza moja bila. Dakika ya themanini beki wenu kaushika mpira ndani ya boksi, mkono juu kabisa, kama anaangua embe. Penalti. Husseini wa Dutumi kautenga mpira, anarudi nyuma apige. Adamu akatoka golini akanijia mpaka puani. Akasema, "Mnyamwezi mpagazi wee, babu yako alifia njiani na pembe kichwani, na wewe utafia hapahapa Kwala. Tutakuzika na hicho kipenga mdomoni."

Mwinshehe, nilicheka. Saa nzima nilikuwa nimeitwa mwizi, mlevi, mla rushwa, na watu wasionijua hata jina. Hapo akaja mtu ananitukana kwa jina la babu yangu, kama nilivyozoea kutukanwa mkekani kwa mama yako. Nikamjibu, "Rudi golini mtumwa wangu, wewe ukifa nani atapiga ngoma?" Akanijibu. Nikamjibu. Watu wa Msimbu wanashangilia, nami nikanogewa. Dakika nne, labda tano. Husseini amesimama peke yake na mpira wake juani. Nilipopuliza alikuwa amekwisha kupoa. Akaupiga mchovu, Adamu akaudaka.

Dutumi wamekata rufaa. Wanasema refa alitukanwa akacheka, na sheria inataka mwenye kumtukana refa atolewe nje. Bernard anataka ripoti yangu. Nimeanza kuiandika mara tatu.

Niambie, mtani. Yale maneno ya Adamu yalikuwa utani? Kama yalikuwa utani, nitaandika hivyo na kusimama nayo mbele ya kamati yoyote. Kama yalikuwa matusi, nitaandika kwamba nilikosa, na mechi irudiwe. Mimi sikuweza kupambanua, na mwenye kuujua moyo wa Adamu ni wewe. Utakaloniambia ndilo nitakaloandika.

Gregori


Msimbu
2 Juni 1982

Mtani wangu mpendwa,

Mpagazi, salamu nyingi kutoka kwa mama, Mwamvita, watoto wote na majirani. Mihogo mwaka huu imekuja vizuri, nimempa dereva wa lori kikapu akuletee, pamoja na madafu sita. Mvua zimepungua. Korosho zimeshikwa na ugonjwa wa majani lakini tunamshukuru Mungu.

Kuhusu lile, ni utani mtupu. Adamu ni mtani wako kama mimi nilivyo. Andika hivyo, yaishe.

Madafu usiyaache yakachacha.

Mtani wako,
Mwinshehe


Kibaha
28 Juni 1982

Ndugu Mwinshehe Mbaraka,

Ripoti niliiandika kama ulivyonijibu. Kamati ilikaa juzi Jumamosi, Mlandizi.

Nilisimama nikaeleza kwamba maneno yale yalikuwa utani wa makabila yetu mawili, na kwamba ndugu wa golikipa, ambaye naye ni refa, amenithibitishia. Hapo akaitwa Saburi, mshika kibendera wa Kwala. Akasema kabla ya mechi alikuwa nyuma ya lori anabadilisha nguo. Akamsikia mtu mzima wa Msimbu anamwambia golikipa, "Akitoa penalti mtukane kwa babu yake. Yule mtani wetu, hana ruhusa ya kukasirika. Mtukane mpaka mpigaji apoe." Aliulizwa mtu huyo ni nani. Akasema jina halijui, ila alikuwa ameegemea baiskeli nyeusi yenye kengele mbili.

Naijua baiskeli moja tu yenye kengele mbili. Sikulitaja jina.

Kamati imeamua kwamba uwanjani refa hana kabila wala mtani, na kwamba nimeleta ripoti ya uongo. Msimbu imetolewa kwenye mashindano. Mimi nimevuliwa beji. Nimemkabidhi Bernard palepale, akaifunga kwenye leso yake. Hakunitazama.

Kikapu nakirudisha kwa dereva yuleyule. Sikuulizi kitu.

Gregori Didas
Karani


Msimbu
5 Julai 1982

Gregori,

Nimefunga, na mfungo haukubali nikuandikie uongo wa pili.

Ni mimi. Nilimwambia Adamu maneno yale, na nikamfundisha na la babu yako, maana yeye hakulijua. Alikataa. Alisema, "Kaka, yule anakula kwetu." Nikamwambia ndiyo maana nakwambia, kwa sababu anakula kwetu hatakutoa nje. Nilikujua vizuri kuliko mtu yeyote, nikakutumia hivyo.

Sina sababu ya kutosha. Nilichoka kuonekana sina faida. Siku ile jioni waliniweka mbele ya lori, wakaimba jina langu njia nzima mpaka Msimbu, mimi ambaye siku zote jina langu huimbwa kwa matusi. Nilifurahi, Gregori. Ilipofika barua yako nikaogopa kuwarudishia watu furaha yao ikiwa imeoza, nikakuandikia habari za madafu.

Sasa wanajua wote. Nimemwandikia Bernard kila kitu, kwa majina, na nimemrudishia beji yangu. Nimemwomba yako akurudishie. Hajajibu.

Nisamehe.

Mwinshehe


Msimbu
8 Agosti 1982

Gregori,

Idd imepita. Mama aliweka sahani yako mkekani, akakataza mtu asiiguse. Pilau ililala pale mpaka alasiri. Akaniuliza, "Mpagazi wangu mgonjwa?" Nikamwambia una kazi nyingi masjala. Akaifunika sahani vizuri. Nafikiri Adamu alikwisha kumwambia.

Nikiwa njiani nakutukana peke yangu moyoni, kama zamani, nasubiri ujibu. Utani haufanywi na mtu mmoja.

Mwinshehe


Msimbu
3 Oktoba 1982

Gregori,

Idd ya kuchinja nayo imepita. Sitaki kukusumbua, nakueleza tu.

Jumapili iliyopita nilikwenda kutazama mechi kama raia. Refa mgeni, kipenga kipya. Alikosea kona moja, kosa dogo, ningeweza kulifanya mimi. Jirani yangu akamwita mwizi. Nami nikafungua mdomo, Gregori. Neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno. Nikalimeza nikaondoka kabla ya mapumziko. Nimekaa nyumbani tangu siku hiyo. Sikujua kwamba upande ule wa kamba kutukana ni rahisi kiasi hicho.

Mama kifua kimembana sana. Hatoki nje tena. Anakuulizia, nami sina tena uongo mpya.

Mwinshehe


SIMU YA MAANDISHI
11 Novemba 1982

GREGORI DIDAS KIBAHA
MAMA AMEFARIKI LEO ALFAJIRI MAZIKO KESHO BAADA YA SALA YA IJUMAA
MWINSHEHE


Msimbu
16 Novemba 1982

Gregori,

Uliondoka bila kula. Mwamvita alikuwa amekufunikia sahani. Kwa kuwa hukukaa nikuambie, nakuandikia.

Simu niliipiga kwa sababu mama aliagiza ujulishwe. Sikuandika "njoo", sikuwa na uso wa kuandika hivyo. Asubuhi ya maziko mimi na Adamu tulikuwa ndani ya shimo, udongo umetufika magotini, nikasikia kipenga. Nilidhani ni kichwa changu, maana sikuwa nimelala. Nikainua macho nikakuona juu yetu, kaptula nyeusi, soksi mpaka magotini, lile shati lililobaki mikono limeshonwa kwa uzi mweupe. Mkono wako ulikuwa juu na kadi nyekundu.

Adamu akaweka jembe chini ili atoke, alijua ni yake. Ukamwambia, "Wewe endelea, ulitumwa." Ukaniinamia mimi. "Nje! Mtukanaji hachimbi kaburi kwenye mechi yangu."

Shehe akauliza huyu ni nani. Wazee wakamjibu, "Mtani," naye akarudi nyuma, wengine wakaanza kucheka. Nikatoka. Jembe uliliokota wewe. Nikaenda kusimama kwenye mikorosho, nje ya makaburi, kama mchezaji aliyetolewa. Nilikuwa sijalia tangu alfajiri ya jana yake. Nikalia pale. Nilikuwa nakusikia, "Bi Sikudhani, ulikula mihogo yote ya babu zangu, ndiyo maana shimo lako haliishi!" Mama alikwambia utamchimbia, na ukamchimbia mpaka mwisho. Adamu anasema ulikataa kupokewa jembe.

Jeneza lilipokuja ukasimama njiani, ukatangaza kwamba mtoto wa marehemu ana kadi na hapiti mpaka atoe kitu. Nikakuuliza unataka nini. Ukasema, "Baiskeli yako ina kengele mbili. Moja inatosha." Baiskeli ilikuwa kwenye mikorosho, nikafungua kengele moja kwa kisu, nikakupa. Ukaipiga mara moja, ukanipisha nikamzike mama yangu.

Hukuniambia neno jingine. Nilipotoka kaburini ulikuwa umekwisha kuondoka.

Najua mtani akisikia msiba lazima aje, hata kama moyo wake hautaki. Huenda ulimfuata mama tu, na hiyo ni haki yako. Kwa hiyo siulizi sana. Nauliza kidogo.

Mwinshehe


Kibaha
24 Novemba 1982

Yah: Maswali madogo

Mtumwa wangu,

Samahani kwa mwandiko. Viganja vina malengelenge, tangu nitoke Tabora sijashika jembe siku nzima. Mama yako alinipenda, ndiyo maana alinichagulia udongo wenye mawe. Sikukaa kula kwa sababu ningekaa ningelia mbele ya Wazaramo, na kufikia Jumapili mngekuwa mmekwisha kulitungia wimbo.

Ndiyo, nilimfuata mama. Nilikuwa nimekwisha kumkosea Idd mbili. Lakini kadi sikuichukua kwa ajili yake. Tangu Juni nilikuwa naitembeza mfukoni, na sikuwa na uwanja wa kukuonyeshea. Kukuandikia matusi sikuweza, kukusamehe bila kadi pia sikuweza. Mimi ni refa, hata bila beji sijui kufanya vinginevyo.

Bernard alipita hapa. Anasema kamati imeisoma barua yako, huenda wakaliangalia shauri langu mwakani. Sijui kama naitaka tena. Jumapili napita kando ya uwanja, nasikia jinsi mwenzetu mpya anavyotukanwa, namshukuru Mungu si mimi, na nikifika nyumbani naona wivu. Uchovu huu utatuua, mtani, na bado tutaacha wosia tuzikwe karibu na goli.

Kengele nimeifunga kwenye baiskeli yangu. Stellamaris ananiuliza nimeinunua wapi wakati madukani hakuna hata sindano. Nimemwambia nimerithi kwa Bi Sikudhani.

Leo nimelifungua faili lako nikahesabu. Kuna barua tatu nisizozijibu: ya Julai, ya Agosti na ya Oktoba. Simu ya msiba haihesabiwi. Kadi nilikuonyesha nimechelewa, lakini adhabu nilikuwa nimekwisha kuianza, na mwenye kumtukana refa hukosa mechi tatu.

Umekwisha kuzikosa zote. Rudi uwanjani.

Mtani wako,
Gregori